Nilivyomfundisha Mama Greta Kusikia Kipsigis

Nyinyi watoto mnaofundisha wageni lugha kwa simu, mmenipigia mara nyingi mkitaka niwaambie siri ya hii kazi. Kila nikianza kueleza, ama mtandao unapotea ama mwanafunzi wenu wa ng'ambo anaingia, na mnaniambia, "Mama Rispa, tutaongea baadaye." Baadaye yenu haifiki. Kwa hivyo nimeandika. Mimi nilifika darasa la sita tu, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara ya Kapkatet, lakini mkisoma polepole mtafika.

Kazi yangu iliisha bila mtu kuniaga. Familia ya mwisho niliyofundisha iliondoka, ikaja nyingine yenye simu inayoongea, haikunihitaji. Sasa asubuhi nakaa mlangoni na chai ya maziwa, naangalia ukungu ukitoka kwenye mashamba. Unatoka polepole, mstari kwa mstari, na mara nyingine naona watu ndani yake. Nawaona wamebeba vikapu, wanainama, wananyanyuka. Wengine ni wachumaji wa kweli. Wengine walikufa kitambo. Sijisumbui tena kutenganisha.

Nianze na Kogo Tabutany, kwa sababu yeye ndiye alinifundisha kufundisha. Kogo ni nyanya, mnajua. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Baba yangu alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi ya boila kwenye kiwanda cha chai, na sisi tulishushwa kwenye lori na magodoro yetu jioni moja ng'ombe wakirudi nyumbani. Kogo alikuwa amesimama pale na mtungi wa maziwa, akiuzia watu wa kambi ya kiwanda. Akaniangalia, akasema, "Huyu ni Cherotich," maana yake msichana aliyekuja ng'ombe wakirudi. Nyumbani nikawa Rispa Akinyi, kisimani nikawa Cherotich. Kipsigis niliingia hivyo, kwa mlango wa nyuma, nikichekwa kila siku, mpaka siku moja nikagundua nimeota ndoto nzima kwa Kipsigis na hakuna mtu ndani ya hiyo ndoto aliyenicheka.

Nilikuwa mwanamke mzima, mume wangu amekufa, wakati familia ya misheni ilipokuja kukaa karibu na kanisa letu. Baba aliitwa Jon, mama Greta. Walikuwa wamesoma Kiswahili Nairobi, Kiswahili kilichopigwa pasi. Mama Greta alisema "tafadhali naomba unisaidie kunielekeza" kwa mtu anayemuuzia sukuma wiki. Lakini Kipsigis hawakuwa na hata neno, na walisema hawataki kuhubiria watu kupitia mdomo wa mtu mwingine.

Huo mdomo wa mtu mwingine ulikuwa wa Sila arap Mibei. Naandika jina lake lote. Alikuwa katibu wa kanisa na mkalimani. Mgeni yeyote akija, maneno yote yalipita kwake, ya kwenda na ya kurudi, na mara nyingine yalifika upande wa pili yamenenepa au yamekonda. Alitaka mpwa wake ndiye apewe kazi ya kufundisha. Mama Greta akanisikia kisimani nikigombeza wasichana waliochafua maji, akaja na ndoo yake akaniuliza kama ninaweza kumfundisha kugombeza hivyo. Ndivyo niliandikwa.

Sila alikuja jikoni kwa Kogo kulalamika. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Kogo, Mjaluo atafundisha watu Kipsigis? Basi na mimi niende ziwani nifundishe samaki kuogelea."

Kogo alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinua kichwa. "Nenda," akasema. "Na usirudi haraka, samaki ni wagumu wa kuelewa."

Alipoondoka, Kogo akaniambia jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote ya kazi. "Sila alizaliwa ndani ya hii lugha, hajui mlango wake uko wapi. Wewe uliingia kwa miguu. Mwonyeshe huyo mwanamke pale ulipokanyaga."

Sasa sikieni njia yenyewe. Mimi sikumpa Mama Greta maneno, nilimpa kazi. Alitaka tukae mezani na daftari aandike "mkono", "jicho", "ng'ombe". Nikamwambia daftari libaki nyumbani. Tulienda kwa Kogo tukachuma chai, tukakata nyasi ya napia, tukakamua, tukaosha vyombo, na neno lilikuja pamoja na kile kitu kiko mkononi. Mkono ukichoka, neno limekaa. Ukimfundisha mtu "kuni" akiwa amekaa kwenye kiti, atasahau. Mfundishe akiwa amebeba hizo kuni kwenye mteremko na mvua ya saa nane inakuja. Hatasahau hata akizeeka huko kwao.

Lakini kazi nayo ina hatari yake. Kuna kile kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, tunaita sotet. Ndani yake tunapaka makaa ya mti maalum, ndiyo maziwa yanalala vizuri na kupata ule ukijivu na harufu. Kogo alikuwa na sotet ya mama yake, imepakwa makaa miaka na miaka, imekuwa laini ndani kama ngozi. Siku moja alimwacha Mama Greta peke yake na vyombo akaenda kufunga ndama. Mama Greta akaona ile sotet ni nyeusi. Akaisikitikia. Akachukua sabuni na waya wa sufuria, akasugua mpaka ikawa nyeupe, akaianika juani, akakaa kando yake na furaha.

Kogo alirudi, akaichungulia, akainusa. Alikaa chini. Mimi nikawa naomba ardhi inifungukie. Halafu akaanza kucheka bila sauti, mabega tu.

"Kreta," akasema. Kogo hakuweza ile G yao. "Kreta, umeniogeshea mama."

Mama Greta alielewa kabla sijamtafsiria, akalia. Hilo ndilo jambo la kwanza aliwahi kuelewa peke yake. Kogo akamshika mkono, akachoma kijiti, akamwonyesha jinsi ya kupaka makaa upya, na yule mzungu alikuwa anapaka huku anarudia majina ya kila kitu na uso wake wote ni masizi. Nikikumbuka hiyo picha, jikoni nzima inaelea. Moshi, mwanga unaoingia kwa matundu ya ukuta, wanawake wawili wameinamia kibuyu kimoja kama wanatibu mtoto.

Bwana Jon yeye alienda njia nyingine. Mume wa mtu huwezi kumfundisha ukiwa unakamua naye. Nilimfundisha salamu barazani, mke wake akiwa hapo, halafu akaenda kutembea na Sila. Sasa nyinyi vijana siku hizi mnasema "chamgei" kwa kila mtu mnapita, lakini wazee wetu walikuwa na salamu ya wanaume na salamu ya wanawake. Mwanamke unamwambia "takwenya", anakujibu "igo". Mwanamume ana yake. Nilimwambia Bwana Jon hivyo wazi. "Hii takwenya ni yangu mimi na Kogo. Ukikutana na wazee, ile nyingine." Akaitikia, akarudia zote mbili vizuri.

Kumbe akamuuliza Sila, na Sila akamwambia ile nyingine ni ya kizamani, watu wameacha, takwenya inatosha kwa wote. Basi mwenzetu akazunguka nchi akisalimia wazee kwa salamu ya wanawake. Siku ya soko pale Kapkatet aliwakuta wazee wamekaa na fimbo zao, akavua kofia, akainama kwa heshima kabisa, akasema kwa sauti ya mahubiri, "Takwenya."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akajibu kwa sauti nyembamba, akijifunga shuka kama kanga, "Igo, dada yangu."

Soko lilicheka mpaka jioni. Sila alikuwa amesimama nyuma yake na mkono kwenye mdomo. Mimi nilikuwa upande wa viazi, nilimwona. Bwana Jon akafikiri wamefurahia, akasalimia na wengine. Na baadaye kwenye kikao cha kanisa, Sila akasema kwa huzuni kubwa kwamba mgeni amefedheheshwa kwa sababu anafundishwa na mwanamke wa jikoni, tena wa kabila lingine. Mchungaji Ezra alikuwa hapo. Mchungaji Ezra alijua ukweli, kwa sababu Bwana Jon alimweleza nani alimwambia nini. Akasema, "Tuliombee hilo." Na yeye namwandika. Mtu anayeombea jambo ambalo angeweza kulimaliza kwa kusema sentensi moja, huyo pia ana sehemu yake.

Miaka ilienda hivyo. Mama Greta akawa anasikia. Sijui niwaeleze vipi mwanafunzi anapoanza kusikia. Si siku moja. Ni kama unapika na mtu ananyamaza nyuma yako, halafu unagundua amecheka mahali panapochekesha. Wanawake walianza kusahau kwamba yuko. Walisema mambo yao ya ndani, waume, wakwe, magonjwa, naye anatoa maharagwe kwenye maganda, na akiulizwa anajibu. Alikosea bado, lakini alikosea kama mtu wa nyumbani.

Halafu akapata mtoto, msichana. Alimzaa hapa, msimu wa mvua ya mawe, chai yote imechanwa vipande na kijani kimetapakaa barabarani. Wanawake wakaja na uji wa wimbi. Na Mama Greta mwenyewe, kwa mdomo wake, akamwambia Kogo, "Mtoto wangu amezaliwa kwenu. Nataka jina lake lije kama majina yenu yanavyokuja."

Nilimvuta kando. Nilimweleza kila kitu kwa Kiswahili, kwa Kipsigis na tena kwa Kiswahili. Kwamba wanawake watakaa jikoni na mtoto, watataja majina ya watu wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na mtoto atapewa ugoro kidogo puani. Jina litakalotajwa akipiga chafya, hilo ndilo lake, huyo ndiye amemkubali. Kwamba kuna watu wa kanisa hawapendi. Akaniambia, "Rispa, nimekuelewa. Hata kwetu mtoto anapewa jina la nyanya yake. Tofauti ni kwamba sisi hatumngojei mtoto akubali."

Ilikuwa Jumamosi. Jikoni kulijaa, hata mke wa Sila alikuwepo, mwanamke mzuri, sina neno naye. Kogo akampakata mtoto. Halafu akasita mwanzo kabisa, kwa sababu aliona shida. Akamgeukia Mama Greta.

"Kreta, sisi hatuwajui wafu wako. Utatutajia wewe."

Nimefanya hii kazi miaka mingi na sijaona somo kama hilo. Yule mwanamke alikaa kwenye kigoda, moshi unamzunguka, akaanza kuwaita watu wake. Hakutaja jina tu. Kogo alitaka kujua kila mmoja alikuwa nani, kwa hivyo ilibidi aeleze kwa Kipsigis. Nyanya Klara, aliyekuwa na ng'ombe na hasira. Wanawake wakasema polepole, "Klara, Klara, njoo." Mtoto kimya. Shangazi Elsa, aliyeolewa na mvuvi akarudi nyumbani akiwa na mwavuli tu. Mtoto kimya. Mama Greta aliinama akasukuma ukuni motoni. Nje mvua ilianza kwenye mabati, na harufu ya majani kiwandani ikaingia, ile tamu ya chai iliyotandazwa inyauke. Nilifikiri amemaliza.

Akasema, "Kulikuwa na dada yangu. Aliishi siku chache tu. Mama yangu hakuwahi kumtaja. Nilisoma jina kwenye jiwe."

"Jina," Kogo akasema.

"Ingrid."

Kogo akalitamka kwa ulimi wake, "Inkirit." Mtoto akapiga chafya ndogo, kama paka.

Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake walitoa ile sauti ya kifua, mm, mm, na Kogo akamtemea mtoto mate kidogo kifuani, baraka, na Mama Greta hakumpangusa. Alilia na kucheka, na alikuwa anasema kitu kimoja, kwamba mtu wake amepata mahali. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Niliona kama kuta hazipo, kama hao wanawake wamekaa tu ndani ya mvua bila kulowa.

Jumapili mke wa Sila akamsimulia mumewe kwa furaha. Jumapili jioni Sila akapiga simu Nairobi kwa mkubwa wa misheni. Akasema mwalimu wa lugha amewaingiza watu wa misheni kwenye kuita mapepo.

Jumatatu Bwana Jon akaja kwenye chumba changu nyuma ya nyumba yao, nilikopewa nikae kwa sababu ya kazi. Alisimama akikunja kofia. Kwa Kiswahili chake akaniambia jinsi mambo yalivyo. Mkubwa anakuja kesho. Kama Greta alijua kinachofanyika jikoni, familia inarudishwa kwao mwezi huohuo. Kama hakujua, kama alidanganywa kwa sababu hasikii lugha vizuri, wao watabaki, na aliyemdanganya ataondoka.

"Na Mama Greta anasemaje?" nikamuuliza.

"Hajasema. Anamnyonyesha mtoto."

"Bwana, wewe unajua anasikia."

"Ninajua," akasema. "Rispa, ninajua."

Alipoondoka nilikaa kitandani. Nyinyi mtafikiri niliogopa kupoteza chumba. Niliogopa, ndiyo, sikuwa na pengine. Lakini kilichonikaa kifuani ni kingine. Akisema hasikii, basi mimi sikuwahi kumfundisha. Asubuhi zote zile, mteremko wote ule na kuni, ingekuwa sikufanya kitu. Sila hangeniondolea kazi tu, angeifuta hata ile niliyokwisha fanya.

Jumanne kanisa lilijaa. Mkubwa wa misheni alikaa mbele, mtu mrefu mwenye macho ya uchovu, hajui Kiswahili wala Kipsigis, na Sila kando yake akimtafsiria sikioni kwa Kiingereza. Mchungaji Ezra aliongoza. Kogo aliitwa kwanza. Akasimama na kitambaa chake cheupe cha chama cha akina mama, akasema, "Mimi nilibatizwa kabla Sila hajaota meno. Tulitaja watu wa huyu mama waliokufa katika Bwana. Kwani wakifa wanaacha kuwa wake?" Alisema na mengine, maneno mengi mazuri. Sila akatafsiri kwa pumzi moja. Sijui Kiingereza sana, lakini neno la shetani nalijua, na Kogo hakulitaja.

Halafu Mchungaji akamgeukia Mama Greta. Akamuuliza kwa Kipsigis, polepole, "Mama, yale maneno ya jikoni siku ile, uliyasikia?"

Hapa lazima nisimame niwaeleze, wale ambao mmezaliwa mjini. Kiswahili kina wakati mmoja tu wa jambo lililopita. Unasema "nilikula", inaweza kuwa leo asubuhi, inaweza kuwa enzi za mkoloni. Kipsigis kinagawa mara tatu. Kuna kilichopita leo, kuna kilichopita jana na siku hizi za karibu, na kuna kilichopita zamani. Tofauti ni sauti ndogo tu karibu na mwanzo wa neno, mgeni anaiparamia kama jiwe la njiani. Hata lugha ya baba yangu inagawa siku hivyo, ndiyo maana mimi niliishika mapema. Mama Greta ilimsumbua tangu mwanzo.

Alisimama na mtoto mgongoni. Hakungoja Sila amtafsirie swali. Alijibu kwa Kipsigis, sauti imetulia, neno moja tu. Alisema, "Sikusikia."

Lakini jikoni ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumanne. Alipaswa kutumia ile ya jana na juzi. Alitumia ya zamani. Kwa sikio la Mkipsigis alisema, zamani zile nilikuwa sisikii. Ni kama kusema, siku hizi nasikia.

Nyuma kwa wanawake ile sauti ya kifua ikapita benchi kwa benchi. Mzee mmoja akakohoa akaangalia dari. Sila akamwambia mkubwa kwa Kiingereza, hakuelewa, basi, na mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma akaandika. Kiingereza nacho hakikuuliza ni lini.

Nilifukuzwa kabla ya saa sita mchana. Mchungaji Ezra alisoma uamuzi akiangalia viatu vyake. Nje ya kanisa wanawake walinizunguka, wananishika mikono, wananong'ona, "Umesikia alivyosema? Amewazunguka wote. Amekutetea mbele yao na hawajui." Mke wa Sila alikuwa miongoni mwao. Na ni hao wanawake walionipa maisha. Hadithi ilitembea, Bomet, Kapsoit, kila mahali kuna misheni, kwamba kuna mwalimu ambaye mwanafunzi wake aliweza kusema ukweli na uongo ndani ya neno moja. Familia nyingine zikaja kunitafuta. Kazi yote niliyofanya baadaye ilitoka hapo. Sila ana duka Bomet sasa. Nikipita ananiambia "takwenya", na mimi namwitikia "igo", kwa sababu salamu haina kosa.

Siku ileile niliyofukuzwa Kogo alinichukua nikakaa kwake, nikawa namchumia chai. Asubuhi moja, ukungu mzito hata kilele cha mti huoni, nilisikia mtu anapita kati ya mistari. Mama Greta. Alivaa gamubuti na eproni ya plastiki, kikapu mgongoni. Hakunisalimia. Aliingia mstari ulio kando ya wangu akaanza kuchuma. Tulienda hivyo, kichaka kwa kichaka, unasikia tu majani yakikatika.

Akaongea kwa Kipsigis.

"Rispa, wanawake wananiletea mayai. Juzi wameleta kuku."

"Kula."

"Wananishukuru. Wanasema nilikutetea." Akaacha kuchuma. "Mimi nilikuuza, Rispa. Nilifikiria mtoto, nikafikiria Jon, nikasimama nikakuuza mbele ya watu. Sasa wananishukuru nini? Nilikutetea wapi?"

Nilimwangalia. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, umelowa ukungu. Hakuwa anacheza. Hakujua.

Mimi nilikuwa nimeshikilia lile neno kama wengine. Lilikuwa limenilisha kila siku tangu kanisani.

"Wanasema ni kwa lile neno lako," nikamwambia.

"Neno gani? Nilisema sikusikia." Akalirudia, na akalikosea vilevile, ile ya zamani. Akaona jinsi nilivyonyamaza. Alinijua, miaka yote hiyo nikinyamaza hivyo alijua kuna kosa. "Nilikosea? Niambie. Nilisema vibaya?"

Mwalimu mzuri angemwambia. Mimi huwa siachi kosa lipite, hata mtu akiwa na homa, hata akiwa analia, namrudisha anasema tena mpaka likae. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Ulisema sawa," nikamwambia.

"Sawa?"

"Sawa kabisa. Chuma, mvua inakuja."

Akashusha pumzi. Akainama akaendelea, mikono yake inakimbia ovyo, anachanganya majani magumu na laini. Nikavuka mstari, nikaingiza mkono kwenye kikapu chake, nikaanza kutoa yale majani magumu moja moja na kuyatupa chini, nikimwonyesha kila moja kabla ya kulitupa, mpaka yakabaki laini peke yake.